Baridi ikikaza: jinsi ya kuvuka miezi ya winta bila kuugua, kulegea wala kukata tamaa

Aliyewahi kuishi sehemu yenye winta anaijua ile asubuhi. Alamu inalia, nje bado giza totoro, pua imeganda, blanketi tamu kuliko kitu chochote duniani, na ule mpango wa kukimbia uliojipangia jana ukiwa umeshiba unauona kama alikupangia mtu mwingine asiyekupenda. Unajigeuza upande wa pili. Kesho hivohivo, keshokutwa hivohivo, msimu unakuja kuisha suruali haifungi, unalala masaa kumi na bado umechoka, na hata hujui huo unyonge umetokea wapi.

Mimi nimezunguka kwenye hiyo duara misimu kadhaa, mpaka nikagundua nilikuwa napigana na kitu ambacho sicho. Nilikuwa nahangaika na baridi, nanunua masweta kila siku, kumbe kilichokuwa kinaniangusha zaidi ni giza. Kwahiyo kabla ya mazoezi, kabla ya vitamini, kabla ya chochote, naanza na mwanga.

Iko hivi. Ndani ya nyumba hata uwashe taa zote unapata kama luksi 100 mpaka 500 hivi (luksi ndo kipimo cha mwanga). Toka nje mchana siku ya mawingu, ile siku ambayo unasema leo hakuna jua kabisa, mara nyingi bado ni luksi 1,000 na kwenda juu, na jua likiwaka wazi inaweza kukaribia 100,000. Macho yanatudanganya hapa, yanajirekebisha yenyewe kwahiyo ndani unaona panang'aa vizuri tu, ila ile saa ya mwili iliyoko kwenye ubongo, inayoamua uchangamke saa ngapi na usinzie saa ngapi, yenyewe haidanganyiki, ukishinda ndani inachukulia kwamba bado hakujakucha vizuri. Ndo unakuta mtu kutwa anapiga miayo halafu saa sita usiku macho makavu.

Cha kufanya: mara tu kukipambazuka, au ndani ya saa moja mbili baada ya kuamka, toka nje dakika 20 hadi 30. Sijasema ukimbie. Tembea tu, ongea na simu, peleka taka, chochote, miwani ya giza iache kama huihitaji (kwenye theluji inayong'aa ivae, theluji inarudisha miale ya jua mpaka inaumiza macho), na jua lenyewe usilitazame moja kwa moja. Kama kazi yako unaingia giza na kutoka giza basi mapumziko ya mchana ndo nafasi yako, kula haraka utoke, usikubali kuyamalizia umeinamia simu chini ya taa. Nyumbani sogeza kiti chako karibu na dirisha. Inaonekana kitu kidogo mno, najua, na mimi nilidharau.

Kuna watu winta inawashika vibaya zaidi ya uvivu wa kawaida. Sonona ya msimu ni ugonjwa kabisa, daktari wa magonjwa ya akili Norman Rosenthal na wenzake kule Marekani waliuelezea kitaalamu mwaka 1984, na dalili zake wengi wetu tukiziona tunajiita wavivu: kulala sana na bado kuchoka, kutamani vya wanga na vitamu muda wote, kukwepa watu, vitu ulivyokuwa unavipenda havikuvutii tena. Moja ya tiba zake ni taa maalumu ya luksi 10,000, unakaa nayo asubuhi kama nusu saa ikiwa mbele yako kwa pembeni kidogo, unaendelea na chai yako bila kuikodolea. Ila ukiwa na shida ya macho, au umewahi kuambiwa una bipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), ongea na daktari kwanza maana hiyo taa inaweza ikakupandisha kupita kiasi. Na ukiona unyonge umepita wiki mbili mfululizo nenda hospitali usisubiri msimu upite. Mawazo ya kutaka kujiua yakija, siku hiyohiyo tafuta msaada, hilo sio la kulala nalo.

Haya, sasa tunatoka nje, na hapa ndo wengi tunavaa vibaya. Winta yangu ya kwanza mimi nilivaa fulana ya pamba na juu yake koti kubwa zito kama godoro, nikatembea kwa kasi dakika kumi nikaloa jasho, halafu nikasimama kusubiri basi. Ile baridi niliyoisikia pale sijaisahau. Pamba ikishaloa inakaa na maji mwilini mwako na inakunyonya joto lote. Kinachotakiwa ni nguo tatu nyepesi badala ya moja nzito: ya ndani inayobana mwili na kupitisha jasho (sufu laini au hizi za poliesta za michezo), ya kati ya kutunza joto kama sweta, na ya juu ya kuzuia upepo na maji. Ukipata joto unapunguza moja. Kipimo changu ni hiki, ukifungua mlango dakika za mwanzo unatakiwa uhisi kibaridi kidogo, ukiwa tayari umeshajisikia raha mlangoni basi mbele utaloa jasho. Glavu zile za vidole vyote kukaa pamoja zinapasha kuliko za kidole kimoja kimoja. Na viatu usivibane, watu wanavaa soksi pea mbili kwenye kiatu kilekile cha kila siku, damu haipiti, miguu inazidi kuwa barafu halafu wanashangaa.

Kwenye barafu tembea kama bata. Sitanii. Hatua fupi, unyayo wote chini kwa pamoja, mikono nje ya mifuko ili ukiteleza ujishikilie. Uzuri wa mwendo utaurudia msimu ukiisha.

Mazoezi yenyewe sasa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya wastani, yaani ile unaweza kuongea ila huwezi kuimba, na angalau siku mbili za kuipa misuli kazi. Ukiigawanya ni dakika 25 kwa siku sita, na ile matembezi ya asubuhi niliyoisema juu, ukiikaza mwendo kidogo, imeshamaliza hesabu yote. Ndo maana naing'ang'ania, umeua ndege wawili. Siku ambazo nje hapafai, ngazi za jengo zipo, panda shuka mpaka uhemee. Kuchuchumaa na kuinuka mara kumi na tano, pushapu (za ukutani kama za chini bado), kujilaza na kunyanyua kiuno, unazunguka hivo mara tatu. Kuruka kamba kunapasha kweli ila kama una jirani wa chini utamsikia anagonga. Muziki na kucheza peke yako sebuleni pia ni mazoezi, nani anakuona?

Kabla ya kutoka kukimbia pasha mwili moto ukiwa bado ndani, dakika tano mpaka kumi. Baridi inabana mishipa ya damu, presha inapanda na moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, kwahiyo kuamka kitandani na kwenda moja kwa moja kwenye kazi nzito nje ni hatari hasa kwa wenye presha, matatizo ya moyo na wazee wetu. Kuzoa theluji kwa koleo kumeshawamaliza watu kwa namna hiyohiyo, mtu hajafanya mazoezi mwaka mzima halafu asubuhi moja ananyanyua mizigo mizito ya barafu amebana pumzi. Sukuma, usinyanyue, chota kidogo, pumzika mara kwa mara. Kifua kikibana au maumivu yakishuka kwenye mkono au taya acha hapohapo uite gari la wagonjwa. Wenye pumu hewa kavu ya baridi inawachokoza, funga skafu puani na mdomoni ili hewa iingie na joto kidogo, na ile dawa ya kuvuta itembee mfukoni, mfuko wa ndani, isipoe.

Kuhusu mzuka. Watu wanauliza nipate wapi mzuka wa kufanya mazoezi na baridi hii, na jibu langu huwa haliwapendezi: mimi sijawahi kuupata nikiwa kitandani. Unakuja ukiwa umeshaanza, kwenye dakika ya saba nane hivi. Kwahiyo nilichofanya ni kuacha kuusubiri na kupunguza ile njia kati ya kitanda na mlango. Nguo za kutokea nalala nazo miguuni ndani ya blanketi, asubuhi ziko vuguvugu navaa kabla sijatoka kwenye joto, viatu viko mlangoni vimefunguliwa kamba. Makubaliano yangu na nafsi ni dakika kumi tu, zikiisha nikitaka kurudi narudi bila kujilaumu. Nimerudi mara chache sana. Na ukiweza kuwa na mwenzako wa kukusubiri nje hapo ndo kabisa, maana kumwacha mtu amesimama kwenye baridi kisa usingizi ni aibu ambayo hata mvivu hawezi kuivumilia.

Halafu shusha malengo. Winta sio wakati wa kujitangazia unapunguza kilo ishirini, ukiweza kumaliza msimu ukiwa kama ulivyouanza hayo ni mafanikio makubwa. Siku mbaya punguza, usifute: badala ya nusu saa fanya dakika tano, mradi mwili usisahau saa yake.

Kula sina mengi. Mwili utadai wanga na vitamu, upe, ila utangulize supu, maharage, mayai, mboga, matunda, ukifika kwenye keki njaa iwe imeshapungua. Maji ndo watu wanasahau kwa sababu kwenye baridi kiu inapungua na mkojo unaongezeka, angalia rangi tu, ukiwa wa njano iliyokolea hujanywa. Maji ya moto na chai vinahesabika. Pombe inakudanganya, unahisi joto kwa sababu damu imekimbilia kwenye ngozi, wakati huohuo joto la ndani ndo linatoka. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni hali ya hatari, na mlevi huwa hajui hata kama anatetemeka.

Vitamini D inahitaji maneno mawili zaidi. Ngozi inaitengeneza kwa jua, lakini sehemu za mbali na ikweta jua la winta linakaa chini mno angani, ile miale inayohitajika haifiki vya kutosha hata ukianika mgongo kutwa. Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua refu zaidi kupata kiasi kilekile, kwahiyo tunapungukiwa haraka. Samaki wa mafuta na viini vya mayai vinayo kidogo. Uingereza wanashauri watu wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku kipindi chote cha vuli (yaani ile miezi ya kuelekea winta) na winta yenyewe, na mtu mzima asizidishe 100. Ukiwa na ugonjwa wa figo au unatumia dawa nyingine muulize mfamasia kwanza.

Mafua hayaletwi na baridi yenyewe, yanaletwa na virusi, ila winta tunajifungia wengi chumba kimoja madirisha yamezibwa, hewa kavu, mmoja akipiga chafya imekuwa ya wote. Fungua dirisha dakika chache mara kadhaa kwa siku hata kama watu watapiga kelele. Mikono kwa sabuni sekunde 20. Chanjo ya homa ya mafua inachomwa kila mwaka kwa sababu virusi vinabadilika, na inachukua kama wiki mbili kufanya kazi, usisubiri ofisi nzima iwe inakohoa.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa kichwani mwangu: usiingize jiko la mkaa chumbani kuota moto ukalala nalo, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, inaanza kama kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, halafu watu hawaamki. Kama wote ndani kichwa kimewauma kwa pamoja tokeni nje kwanza, mjadala baadae, na usirudi ndani kuchukua vitu. Kinachotumia gesi, kuni au mafuta kupasha nyumba kiwe na bomba la kutolea moshi na kingʼora cha hiyo gesi kiwepo. Shirika la Afya Duniani linataja nyuzi 18 kama joto la ndani linalofaa kwa watu wengi, wazee na watoto wachanga wanaweza kuhitaji zaidi. Kama huwezi kupasha nyumba yote pasha chumba kimoja mkae humo.

Ngozi: oga maji ya vuguvugu na usikae sana, pakaa mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Kulala: vaa soksi, miguu ikipata joto usingizi unakuja haraka, chumba chenyewe kiwe na ubaridi kidogo. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa.

La mwisho ni kamchezo kangu. Kila Jumapili naandika kwenye karatasi dirishani saa jua lilipozama. Siku fupi kuliko zote kaskazini ni Desemba 21 au 22, kusini ni Juni 20 au 21, ila jioni huwa zinaanza kurefuka kidogo hata kabla ya hapo, asubuhi ndo zinachelewa, zinazidi kuwa giza mpaka siku hiyo imepita. Baridi nayo inachelewa, kwa sababu ardhi na bahari zinaendelea kupoa, wiki kadhaa baadae ndo inauma kwelikweli. Kwahiyo kuna kipindi unatetemeka kuliko wakati wowote na ile karatasi inakuonyesha jua limeongeza dakika tisa tangu Jumapili iliyopita.