Jinsi ya Kujiandaa kwa Shahada ya Uzamili na Uzamivu katika Hisabati

Wengi wanaotaka kuendelea na hisabati baada ya shahada ya kwanza huanza kwa kupekua orodha za vyuo, ilhali swali la kwanza kujiuliza ni kama wanaweza kuandika uthibitisho wao wenyewe. Katika shahada ya kwanza mtu anaweza kujipatia alama za juu kwa kukokotoa vizuri. Katika uzamili, na zaidi katika uzamivu, kinachopimwa ni hoja: kila hatua imetokana na nini, na ni sharti lipi likiondolewa hoja nzima inaanguka.

Chukua uthibitisho mashuhuri kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiwezi kuandikwa kama sehemu. Tunachukulia kwamba ni sehemu p/q iliyokwisha kurahisishwa, tunapata p² = 2q², kwa hiyo 2 inagawanya p², na kwa hiyo inagawanya p; kwa njia hiyohiyo tunaonyesha kwamba inagawanya q pia, na hapo tunakuwa tumepingana na sharti tuliloanza nalo. Anayekariri huishia hapo. Anayejiandaa kwa masomo ya juu huweka 3 mahali pa 2 na kuona kwamba hoja inasimama, kisha huweka 4, ambayo kipeuo chake ni 2 kamili, na kutafuta hatua iliyovunjika: 4 inagawanya 2², lakini haigawanyi 2. Halafu na ajaribu 12. Hatua ileile inavunjika tena, kwa kuwa 12 inagawanya 36, yaani 6², bila kugawanya 6. Hata hivyo kipeuo cha pili cha 12 kwa kweli hakiandikiki kama sehemu. Uthibitisho umeanguka, dai limebaki kweli, na sasa inabidi itafutwe hoja nyingine. Mazoezi ya namna hii, yakifanywa kwa kila nadharia kuu unayokutana nayo, yana faida kuliko kumaliza vitabu vitatu kwa haraka.

Masomo ya msingi yanajulikana: aljebra ya mstari, aljebra dhahania, uchanganuzi wa namba halisi na changamano, na topolojia kidogo. Anayeelekea takwimu au hisabati tumizi aongeze nadharia ya uwezekano na programu ya kompyuta. Aliye na pengo asione haya kulijaza kwanza. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia (ICTP) mjini Trieste, Italia, kilichoanzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia Abdus Salam, hutoa stashahada ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea, na taasisi za AIMS (Taasisi za Afrika za Sayansi za Hisabati), zilizoanzia Afrika Kusini mwaka 2003, hutoa uzamili kwa kusudi linalokaribiana na hilo.

Mifumo inatofautiana, na kutoijua kumewapotezea watu mwaka mzima. Vyuo vingi vya Marekani humpokea mwombaji wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, humpa masomo na mitihani ya kufuzu, na msimamizi huchaguliwa baadaye. Safari yote kwa kawaida huchukua takriban miaka mitano au sita, na mara nyingi mwanafunzi hulipwa kwa kufundisha. Nchini Uingereza uzamivu huchukua kama miaka mitatu hadi minne, na msimamizi hutafutwa mapema. Sehemu kubwa ya Ulaya bara hudai uzamili kwanza.

Barua za mapendekezo zina uzito kuliko waombaji wanavyodhani. Mhadhiri anayeweza kueleza jinsi ulivyopambana na tatizo fulani, hata kama hana jina kubwa, ni bora kuliko profesa maarufu atakayeandika tu kwamba ulipata alama nzuri. Mwombe mapema, umpe na nakala ya maelezo yako binafsi. Maelezo hayo nayo yasihusu mapenzi yako ya utotoni kwa namba (kila mwombaji anayo), bali yahusu hisabati uliyoifanya.

Unapomwandikia msimamizi, soma kwanza angalau makala yake moja. Nyingi hupatikana bure kwenye arXiv, hazina ya mtandaoni ya makala za kisayansi iliyoanza mwaka 1991. Hutaielewa yote, wala hatarajii hivyo. Tafuta sharti moja katika nadharia yake, jaribu kuliondoa kama tulivyofanya na kile kipeuo, kisha uliza kwa sentensi mbili au tatu kama mfano uliopata unaonyesha kweli kwamba sharti hilo ni la lazima. Asipojibu baada ya wiki mbili au tatu, mwandikie mara moja tena, kisha umwendee mwingine. Usitume barua ileile kwa watu kumi wa idara moja, kwani wanakutana kila siku na wataonyeshana.