Mgeni akija Uingereza, mpeleke York

Wengi humwonyesha mgeni Tower of London wakaishia hapo. Mimi ningempandisha treni hadi York, mwendo wa saa mbili hivi kutoka kituo cha King's Cross, London. Tiketi ikatwe mapema. Ya kununua siku hiyo hiyo huumiza mfuko. Kuta za mawe zinazouzunguka mji, nyingi za Zama za Kati, unatembea juu yake bure kabisa. York Minster, kanisa kuu la mji huo, wanatoza kiingilio, lakini lipa tu: vioo vya rangi vya dirisha lake kubwa la mashariki vilitengenezwa na John Thornton kati ya 1405 na 1408, na ukubwa wake ni kama uwanja wa tenisi! Kuta nendeni mchana, maana hufungwa jioni, na kukiwa na barafu hazifunguliwi.