SOMO: Kupata huduma uliyolipia kwenye hoteli ya kifahari, tangu kuhifadhi nafasi hadi kurudisha ufunguo

Wakuu, malalamiko mengi kuhusu hoteli za nyota tano huanza na kitu ambacho mgeni alikitarajia na hakukisema, au alikisema kwa mtu asiye na uwezo wa kukitekeleza. Hatua hizi zinafuata safari yenyewe ilivyo.

Kabla ya kuanza, tuelewane kuhusu nyota. Hazina kipimo kimoja duniani. Vigezo hutofautiana mahali na mahali, na vingi huhesabu vitu (ukubwa wa chumba, lifti, saa za mapokezi) kuliko kupima tabia ya mhudumu. "Nyota saba" ni lugha ya matangazo. Hata Ufaransa ilipotaka kuzitenga hoteli zake za juu kabisa, haikuongeza nyota ya sita. Mwaka 2010 ilianzisha hadhi ya "Palace". Kwa hiyo nyota zikupe picha tu. Ahadi yenyewe iko kwenye karatasi ya uthibitisho.

Hatua ya 1: Soma jina la chumba neno kwa neno

"Mandhari ya bahari" na "mandhari ya bahari kwa sehemu" ni vyumba viwili tofauti. Hicho cha pili huenda ukaiona bahari baada ya kuegemea ukingo wa roshani na kugeuza shingo. "Vyumba vinavyoungana" vina mlango wa ndani kati yao; "vyumba jirani" vimepakana tu, na kwenda kwa watoto utapitia koridoni. Aina ya kitanda mara nyingi ni ombi, haijathibitishwa.

Kwenye bei, angalia alama ya ++. Maana yake tozo ya huduma na kodi bado hazijaongezwa. Chumba cha 100++ chenye tozo ya 10% na kodi ya 15% hakitoki 125. Penye utaratibu wa kukata kodi juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa tozo, utalipa 126.5. Angalia pia kifungua kinywa ni cha watu wangapi. Kwa kawaida ni wawili, wa tatu analipa.

Hatua ya 2: Iandikie hoteli siku 3 hadi 5 kabla ya kufika

Ukiandika wiki tatu kabla, ujumbe unazama. Ukiandika asubuhi ya kufika, vyumba vimeshagawanywa, kwa sababu mapokezi huanza kupanga nani alale wapi siku moja au mbili kabla. Kama ulihifadhi kupitia tovuti ya wakala, andika moja kwa moja kwa hoteli hata hivyo. Maelezo uliyojaza kwa wakala wakati mwingine hayafiki, au yanafika yamekatwa.

Ujumbe uwe mfupi hivi:

"Namba ya uhifadhi (…). Tunafika tarehe 14 saa 5 asubuhi, tunaondoka tarehe 17. Watu wawili. Hitaji: mito isiyo ya manyoya, mmoja wetu ana mzio. Maombi: chumba mbali na lifti, ghorofa ya juu. Tafadhali mtujulishe kipi kimethibitishwa na kipi kinategemea nafasi."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye kazi. Bila hiyo utajibiwa "tumepokea maombi yako", jibu ambalo halimfungi mtu. Tenganisha hitaji na ombi, wala usizidishe mambo matatu. Orodha ya mambo kumi husomwa kama hakuna lenye uzito. Anayetumia kiti cha magurudumu asitosheke na maneno "chumba kinafaa": aulize upana wa mlango wa bafu kwa sentimita (chini ya 80 ni shida) na kama sakafu ya kuogea ina kizingiti.

Hatua ya 3: Mapokezi

Muda wa kuingia kwa kawaida ni saa 8 au 9 alasiri, na wa kutoka ni saa 5 asubuhi au saa 6 mchana. Hapo katikati ndipo ugomvi unapozaliwa. Chumba alichotoka mgeni saa 6 humchukua mhudumu wa usafi dakika 45 hadi 60. Kisha msimamizi hukikagua, na hali yake kwenye kompyuta hubadilika: kichafu, kisafi, kimekaguliwa. Mpaka hiyo ya tatu ionekane, mtu wa mapokezi haruhusiwi kukupa ufunguo hata ukimpandishia sauti. Cha kumwambia ni hiki: "Naomba chumba chochote cha daraja langu kilichokwisha kukaguliwa, hata kama si ghorofa niliyoomba." Acha mizigo, chukua tiketi yake, acha namba ya simu wakupigie.

Kama ndege yako inatua alfajiri na lazima ulale, njia ya uhakika ni moja tu: lipia na usiku uliotangulia. Ukifanya hivyo, iandikie hoteli kwamba utafika asubuhi. Usipoandika, usiku huo wataona hujatokea, na uhifadhi wako wote unaweza kufutwa.

Halafu kuna amana ya kadi. Hoteli huzuia kwenye kadi gharama ya chumba pamoja na akiba ya kila siku kwa ajili ya vyakula na mengineyo. Kwenye kadi ya mkopo hutaisikia sana. Kwenye kadi inayokata moja kwa moja akaunti ya benki, hizo ni fedha zako halisi zimefungwa. Uliza: "Mnazuia kiasi gani kwa jumla?" Kosa la kawaida ni kuweka kadi moja siku ya kuingia na kulipa kwa nyingine siku ya kutoka. Ya kwanza hubaki imefungwa mpaka benki iachie, pengine siku kadhaa, huku ya pili imeshakatwa.

Hatua ya 4: Dakika 10 kabla ya kufungua sanduku

Chumba ambacho hujakigusa ni rahisi kubadilishiwa. Ukishaoga na kulalia kitanda, hoteli inapoteza chumba mpaka kisafishwe upya, na utaona uso wa mapokezi ukibadilika.

Nusa kwanza: moshi na unyevu haviondoki kwa kupuliziwa manukato. Fungulia maji ya moto dakika mbili, vuta choo, funga pazia uone kama mwanga unapenya, kisha nyamaza kidogo usikilize. Mashine za lifti, jiko na muziki wa ukumbini husikika hapo. Sefu ijaribu ikiwa wazi: weka namba, funga kwa kitasa, fungua. Ukiijaribu ikiwa na pasipoti ndani, utamsubiri fundi.

Kiyoyozi kinastahili aya yake. Hoteli nyingi zimefunga swichi kwenye mlango wa roshani. Mlango ukibaki wazi hata kidogo, kiyoyozi hujizima au huacha kupooza. Mgeni anasema kibovu, fundi anapanda, anausukuma mlango, baridi inarudi. Kwa hiyo ufunge mpaka ulie "kwap", hakikisha kadi ya ufunguo, ile inayowasha umeme wa chumba, iko kwenye kitundu chake ukutani, subiri dakika 15. Kushusha hadi nyuzi 16 hakuharakishi chochote. Hakitazidi kasi, kitaendelea tu kupooza hata baada ya wewe kuanza kutetemeka.

Friji la vinywaji: mengine yana vihisio, ukiinua chupa kwa muda kidogo tu inaingia kwenye bili. Usilitumie kupoozea maji yako kabla ya kuuliza.

Hatua ya 5: Kuomba kitu

Ukipiga simu, malizia kwa "kitafika baada ya muda gani?" Taulo au mto ni dakika 10 hadi 15, chakula chumbani dakika 30 hadi 45. Muda ukitajwa, mtu anawajibika nao.

Mambo ya nje ya hoteli (meza ya mgahawa, tiketi, gari) ni ya konsieji, mhudumu wa hoteli anayewapangia wageni mambo kama hayo. Ukiona funguo mbili za dhahabu zilizopishana kwenye ukosi wa koti lake, ni mwanachama wa Les Clefs d'Or, umoja wa makonsieji ulioanzia Paris mwaka 1929. Mpe bajeti, saa na usichokipenda. "Mahali pazuri" halimsaidii.

Kibao cha "Usisumbue" kinazuia kila mtu, pamoja na wale wanaokuja jioni kukiandaa kitanda kwa kulala na kubadilisha taulo. Watu hukisahau mlangoni, kisha wanalalamika chumba hakikusafishwa.

Hatua ya 6: Kulalamika

Lalamika tatizo likiwa bado linarekebishika. Anayenyamaza usiku tatu akaja kulipuka siku ya kutoka amewaachia njia moja tu, ya fedha, na anamwambia mtu wa dawati mwenye foleni ya watu sita na ruhusa ndogo kabisa ya kupunguza bili.

Omba meneja wa zamu, kisha taja mambo matano: nini, tangu lini, nani aliambiwa, unataka nini, kabla ya saa ngapi. Kwa mfano:

"Maji ya moto hayatoki tangu saa 12 asubuhi. Nilipiga mapokezi saa 12 na robo, nikaambiwa fundi anakuja. Sasa ni saa 2. Naomba yarekebishwe kabla ya saa 3, au nihamishiwe chumba cha daraja hilihili na mizigo ihamishwe na ninyi."

Hapo meneja ana maamuzi mawili tu, yote anayamudu. Ukisema "huduma yenu mbovu, mtanifanyia nini?" anabaki kubahatisha, na atabahatisha kwa sahani ya matunda.

Fidia ilingane na hasara. Tatizo la saa mbili lililorekebishwa ni la chakula au kinywaji. Usiku uliokosa usingizi kwa kelele zilizo ndani ya uwezo wao ni la sehemu au gharama yote ya usiku huo. Ukidai siku nne bure kwa balbu iliyoungua, hata dai lako la haki litakalofuata litasikilizwa kwa sikio moja. Kutishia kuwaandika vibaya mtandaoni mwanzoni mwa mazungumzo nako hakusaidii: meneja anaacha kutatua, anaanza kujilinda.

Zamu ya usiku inaweza kukuhamisha chumba, lakini mara nyingi haiwezi kufuta gharama. Chukua kuhamishwa usiku, mambo ya bili yaache asubuhi.

Hatua ya 7: Bili

Iombe usiku wa kuamkia kuondoka. Angalia vinywaji vya friji, idadi ya vifungua kinywa, na mstari wa bakshishi ulioachwa wazi ilhali tozo ya huduma imeshaingizwa juu yake. Mashine ikikuuliza ulipe kwa sarafu ya nchi uliyopo au ya kadi yako, chagua ya nchi uliyopo. Ukichagua ya kadi yako, kwa kawaida unabadilishiwa kwa kiwango kibaya zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimefika saa 5 usiku nikaambiwa hoteli imejaa, na nilishalipia. Inakuwaje?

Jibu: Hoteli huuza vyumba zaidi ya ilivyo navyo kwa kuwa kila siku kuna wasiotokea. Siku wakitokea wote, mtu anahamishwa. Utaratibu uliozoeleka ni wakutafutie hoteli ya hadhi hiyohiyo au zaidi, walipie usiku huo na usafiri wa kukupeleka. Omba iandikwe, pamoja na chumba utakachorudia kesho. Mara nyingi anayehamishwa ni mwenye usiku mmoja aliyechelewa bila taarifa, kwa hiyo ukijua utachelewa, piga simu mapema.

Swali: Nikisema tuko fungate nitapandishwa daraja?

Jibu: Kupandishwa kunategemea kama kuna chumba cha juu kitakacholala kitupu siku zote utakazokaa, ndiyo maana wa usiku mmoja ana nafasi kuliko wa usiku saba. Ukisema fungate huenda ukapata maua ya waridi kitandani na keki. Uliza mapokezi nyongeza ni kiasi gani. Jioni ile inaweza kuwa ndogo kuliko ya mtandaoni.

Swali: Bakshishi ya wa usafi niache wapi?

Jibu: Kwenye mto au mezani, na karatasi imeandikwa "Asante, ni yako". Hoteli nyingi hazimruhusu kugusa pesa isiyo na maandishi. Acha kila siku. Wa leo huenda kesho yuko ghorofa nyingine.

Nyongeza ya mwanachama: Niwasemee wa usafi. Sanduku na nguo zikiwa juu ya kitanda, shuka halibadilishwi, maana hatuhamishi mali ya mgeni. Taulo ikining'inia maana yake utaitumia tena. Ukitaka ibadilishwe iache sakafuni.

Jibu: Sahihi kabisa, hilo nililiruka.

Swali: Ndala na gauni la kuogea, vyote ni vya kubeba?

Jibu: Ndala na sabuni ndogo, ndiyo. Gauni, taulo na chupa zilizofungwa ukutani, hapana. Gauni litakufuata kwenye kadi.

Swali: Natumia insulini. Niiweke kwenye lile friji la vinywaji?

Jibu: Hapana. Insulini ambayo haijafunguliwa inahitaji nyuzi 2 hadi 8, na mengi ya mafriji hayo hayashuki huko. Mengine huzimika unapotoka na kadi ya umeme. Pia usikubali iwekwe jikoni karibu na barafu, ikiganda imeharibika. Kwenye ujumbe wa Hatua ya 2, upande wa "Hitaji", andika: "friji la dawa chumbani, lisilozimika kadi ikitolewa". Ukifika, lifungue uhisi baridi ndani, na uulize wameliwasha tangu saa ngapi.