Kabla hujanunua mkeka wa mbao, pima unyevu wa sakafu
Mkeka wa mbao, yaani ule wa plastiki wenye sura ya mbao unaobandikwa sakafuni kwa gundi, ni rahisi kuliko taili, lakini kwenye sakafu inayovuta maji ya ardhini utaununua tena na tena. Fundi mmoja wa Kisauni kanionyesha hivi: fagia simiti, bandika kipande cha nailoni nyeupe inayoonyesha, sentimita 45 kila upande, ziba kingo zote kwa selotepu, acha saa 16 au zaidi. Ukikuta matone kwa chini, au simiti imekoza rangi, usitandike: gundi itaachia na ukungu utaota humo ndani. Hapo jikaze ununue taili, zinavumilia unyevu. Kipimo hiki hudanganya wakati wa kiangazi, Januari na Februari; kirudie masika, hasa nyumba ya chini.