Kabla hujaenda kupima sistatini C, zingatia haya

Mwaka jana mdogo wangu alipima figo akaambiwa kreatinini iko juu. Jamaa anabeba mizigo Mwaloni pale Kirumba, Mwanza, magunia ya dagaa anapandisha kwenye fuso toka alfajiri, sasa nyumbani siku hiyo hapakulalika, mama kashaanza kuulizia dayalisisi bei gani. Dokta mwingine alivyomwona mabega tu akacheka, akasema huyu apimwe na sistatini C, kipimo kingine cha damu cha kuangalia figo. Majibu yakaja safi. Toka hapo ndugu na majirani wananiuliza hicho kipimo unajiandaaje, basi ngoja niyaseme yote hapa.

Kwanza jua unaenda kupima nini. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, kwa hiyo mwenye misuli mingi anakuwa nayo nyingi hata kama figo zake ziko poa, na bibi aliyekonda anaweza kuonekana hana shida kumbe figo zimechoka siku nyingi, na hii ya bibi ndo mbaya zaidi maana haimshtui mtu. Sistatini C yenyewe inatengenezwa na karibu kila seli ya mwili, haijali sana misuli. Ni protini ndogo, ina amino asidi 120 tu, inapita kwenye chujio la figo bila kizuizi halafu figo inaivunjavunja hukohuko, hairudi kwenye damu. Figo zikilegea inabaki kwenye damu inarundikana, ndo maana wanaipima.

Kazi yake hasa wala sio kupimia figo. Ni breki. Kuna vimeng'enya vinaitwa kathepsini vinavyokata protini ndani ya seli, sasa vikitoroka nje vitatafuna visivyotakiwa, sistatini inavikamata. Na hizi sistatini zilianza kuonekana kwenye ute mweupe wa yai la kuku, jina likaja 1981. Ila usiende kunywa mayai mabichi ukadhani unatibu figo, haifanyi hivyo.

Haya, maandalizi. Piga simu maabara kabla hujatoka nyumbani, uliza kama wanakipima hapohapo au wanatuma sampuli sehemu nyingine, uliza bei na kama bima yako inakubali. Wa Sengerema siku hizi daraja lipo unavuka fasta, lakini mtu wa Ukerewe kupanda meli kutoka Nansio afu ukaambiwa njoo Jumatatu, inauma.

Dawa ndo sehemu ya kukaa nayo vizuri. Andika zote kwenye karatasi au zibebe kama zilivyo, hata za miti shamba, hata diklofenaki unayonunua duka la dawa kila mgongo ukiuma (hizo za maumivu zinaumiza figo zenyewe, sio namba tu). Kama unatumia prednisoloni au deksamethasoni sema, maana zinapandisha sistatini C hata figo zikiwa nzima. Septrini yenyewe inapandisha kreatinini ila sistatini haiigusi. Na kwa wanaotumia TLD, kidonge cha VVU, ile dolutegravir iliyomo inazuia figo kutoa sehemu ya kreatinini, namba inapanda kidogo wiki za mwanzo bila figo kuumia, wakati tenofovir iliyo kwenye kidonge hichohicho yenyewe inaweza kuzigusa figo kweli, kwa hiyo hapo sistatini C inamsaidia sana dokta kujua ipi ni ipi. Usiache dawa eti ili upime vizuri! Wengine wanachanganya pia sistatini na atazanavir, dawa nyingine ya VVU, kwa sababu zote mbili zinaitwa vizuizi vya protease, yaani vimeng'enya vya kukata protini, lakini atazanavir inabana protease ya kirusi cha UKIMWI, familia nyingine kabisa, sistatini haina habari nayo.

Tezi ya shingo nayo. Kama una rovu au umewahi kuambiwa tezi inafanya kazi kupita kiasi au inazembea, sema mapema: ikichangamka sana sistatini inapanda, ikizembea inashuka. Sigara, unene mkubwa, na mwili kuwa na uvimbe wa ndani wa kupambana na ugonjwa navyo vinaisukuma juu, kwa hiyo kama una homa kali leo na sio dharura, subiri upone.

Chakula hakina mambo mengi. Kwa sistatini peke yake hufungi kula, ila mara nyingi wanachukua na kreatinini siku hiyohiyo ili wapige hesabu ya zote mbili pamoja, ambayo ndo inakuwa sahihi zaidi, kwa hiyo jana yake punguza nyama choma na sato wa kushindilia, na usibebe mizigo mizito wala gym. Maji kunywa kawaida.

Ukipewa majibu angalia vipimo vimeandikwaje. Kreatinini 115 na kreatinini 1.3 ni kitu kilekile, moja ni mikromoli kwa lita nyingine miligramu kwa desilita, nimeshaona mtu analia sababu ya hiyo tu. Namba ya kuuliza ni kasi ya uchujaji wa figo (eGFR), chini ya 60 ndo wanaanza kukuangalia kwa karibu, na hata hivyo haitwi ugonjwa sugu mpaka hali iendelee miezi 3. Omba na mkojo upimwe albumini, maana figo inaweza kuvujisha protini wakati uchujaji bado uko vizuri tu na damu isikwambie chochote.

Na kwa kuwa utarudi baada ya hiyo miezi, karatasi piga picha uiweke kwenye simu. Ya mdogo wangu aliiweka mfuko wa suruali ya kazini, ilivyofika kwa dokta inanuka dagaa na namba moja imefutika kwa jasho, ikabidi atobolewe tena.