Mbio za mapipa ukiwa na kazi: jioni usimchoshe farasi

Wenzangu mlioko huku Marekani mnaoshindana mbio za mapipa (farasi anazunguka mapipa matatu, mwenye muda mfupi ndiye mshindi) na asubuhi mnawahi kazini, jioni za katikati ya wiki msimkimbize farasi mzunguko mzima kwa spidi, mapipa matatu keshayajua. Mpe troti ndefu (mwendo wa kati, kati ya kutembea na kukimbia), halafu zungukeni pipa taratibu huku ukiangalia bega lisiegemee ndani, maana bega likiegemea mnagonga pipa, na pipa likianguka ni sekunde 5 zinaongezwa. Muda unaobaki kagua kwato na umpapase miguu, mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake wikendi hiyo apumzike kabisa, hela ya kiingilio iende tu. Na tafuteni mashindano ya 4D, yanayogawa washindani madaraja manne kwa muda wao, ukiachwa nusu sekunde na wa kwanza bado unagombea zawadi za 2D, yaani daraja la pili.