Jinsi ya kufukua historia ya nyumba ya wageni ya kale Uingereza, na ya watu walioiendesha

Katika karibu kila mji wa soko wa Uingereza, utakuta jengo moja kubwa likiutazama uwanja wa gulio, lenye lango katikati pana kiasi cha kupitisha gari la farasi. Ukutani pana kibao chenye mwaka wa zamani sana. Wageni hupiga picha kibao, hunywa, huondoka. Mimi huingia kwa lile lango na kuanza kuuliza ni nani aliyekuwa akipokea wageni hapa, na kabla yake nani, mpaka nifike mwisho wa karatasi zilizopo. Ndugu wengi wanaoishi huku wameniuliza kazi hii inaanziaje, basi nieleze ninavyoifanya. Mfano wangu wa kurudia ni Bear, iliyopo Devizes, katika jimbo la Wiltshire, nyumba inayotajwa kuwa na leseni tangu 1599.

Kwanza maneno, kwa sababu nyaraka zote ni za Kiingereza na ukikosea neno hupati kitu. Inn ililaza wasafiri na farasi wao. Tavern iliuza mvinyo. Alehouse iliuza bia, basi. Mwendeshaji ataandikwa innholder, innkeeper, victualler au publican, kwa hiyo tafuta kwa yote manne. Na neno landlord lisikuponze: kwetu mwenye nyumba ni mwenye nyumba, lakini landlord wa baa huku mara nyingi alikuwa mpangaji tu, na jengo ni la mtu mwingine kabisa. Hizo ni historia mbili, na kila moja ina karatasi zake.

Hatua ya 1: Zunguka jengo kabla ya kufungua kompyuta

Usiamini uso wa mbele. Katika karne ya 18 wenye nyumba wengi walivisha majengo ya mbao ukuta mpya wa matofali au mawe na madirisha marefu yaliyopangwa sawasawa, ili wasafiri wenye fedha wavutike. Pita langoni, nenda uani, tazama nyuma. Huko ndiko utakakoona boriti za zamani, paa lililopinda, na mabanda ya farasi ambayo leo ni maegesho au vyumba vya kulala. Piga picha kila kitu. Kisha tafuta jengo kwenye orodha ya taifa ya majengo ya kihistoria inayotunzwa na Historic England. Ni bure, na maelezo yake hutaja sehemu ipi ni ya karne ipi.

Hatua ya 2: Tengeneza mnyororo wa majina, ukirudi nyuma

Chora jedwali lenye safu tatu: mwaka, jina, umelitoa wapi. Anza na leo. Muhtasari wa leseni unatakiwa kubandikwa mahali panapoonekana, na humo mna jina la msimamizi. Kutoka hapo rudi nyuma: daftari la taifa la 1939 (orodha ya wakazi iliyoandikwa vita vilipoanza), halafu sensa ya 1921, na kila miaka kumi hadi 1841. Usihangaike na sensa ya 1931, iliteketea kwa moto mwaka 1942. Mapengo ya katikati yajaze kwa vitabu vya anwani za biashara, hasa vya Kelly na Pigot; Chuo Kikuu cha Leicester kimeviweka vingi mtandaoni bure.

Sensa ya 1841 ina mtego wake. Umri wa watu wazima ulishushwa hadi tano iliyo karibu, hivyo mtu wa miaka 44 ameandikwa 40. Ya 1851 ni tamu zaidi, maana inataja kila mtu alizaliwa wapi na ana uhusiano gani na mkuu wa kaya. Soma ukurasa mzima, usiishie kwenye jina la juu. Utawaona wajakazi, mtunza farasi, na wageni waliolala pale usiku ule mmoja.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: fuata mtu, usifuate kibao cha jina la nyumba. Mimi nilipoteza majira mawili ya baridi katika mji mmoja nikiandika historia ya nyumba, kumbe jina lilikuwa limehama kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Mwendeshaji alihama, akabeba kibao chake na wateja wake. Nilikuwa nimeunganisha nusu ya nyumba hii na nusu ya ile. Ningeangalia majina ya watu tangu mwanzo, ningeliona hilo siku ya kwanza.

Hatua ya 3: Nenda kwenye leseni

Tangu sheria ya 1552, kuuza bia kulihitaji kibali cha mahakimu wa eneo, na mwombaji alipaswa kuwa na wadhamini. Kwa utafiti, dhahabu ni kati ya 1753 na 1828, kipindi ambacho karani wa mahakimu alitakiwa kutunza daftari la leseni za kila mwaka. Madaftari hayo yapo kwenye hifadhi za nyaraka za majimbo. Kwa Devizes unakwenda Wiltshire and Swindon History Centre, mjini Chippenham. Si kila daftari limeokoka, na mengine yanataja mtu bila kutaja nyumba, lakini hata hilo linatosha kama jedwali lako liko sawa. Waandike na wadhamini. Mara nyingi ni majirani au wenzake wa biashara, na jina la mdhamini wa mwaka huu unaweza kulikuta mwaka kesho likiwa la mwenye leseni.

Utaona pia kitu kinachojirudia: jina la mume miaka kumi na tano, halafu ghafla jina la mwanamke mwenye ukoo uleule. Mume amefariki, mjane ameshika funguo. Wengine waliendesha nyumba kwa miaka mingi kuliko waume zao, na vitabu vya historia za miji huwaruka. Usiwaruke.

Ukivuka 1830 kuwa mwangalifu. Sheria ya mwaka huo ilimruhusu karibu kila mlipakodi kuuza bia kwa ada ya gini mbili (paundi mbili na shilingi mbili) bila kupitia kwa mahakimu, na nyumba ndogo za bia zikachipuka kila mtaa.

Hatua ya 4: Wosia na orodha ya mali

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko penginepo. Kati ya karne ya 16 na katikati ya karne ya 18, mtu akifa majirani waliingia nyumbani mwake na kuandika kila alichoacha pamoja na thamani yake, chumba baada ya chumba. Kwa nyumba ya wageni maana yake ni kwamba unapewa ramani ya ndani. Vyumba vilikuwa na majina badala ya namba: Waridi, Nyota, Simba. Orodha moja ya karne ya 17 niliyoishika mkononi inaanza chumba bora: kitanda cha manyoya, mapazia yake, mto mrefu, meza, viti sita. Chumba kinachofuata vitanda viwili, vya thamani ndogo. Jikoni, sahani za pyuta (aina ya bati) zimepimwa kwa uzito, si kuhesabiwa. Chini, mapipa. Uani, nyasi kavu za farasi. Mwisho kabisa, madeni ambayo marehemu alikuwa anawadai watu, na waandishi wenyewe wametenganisha yanayolipika na yasiyolipika.

Wosia za kabla ya 1858 zilizopitia mahakama ya Askofu Mkuu wa Canterbury ziko National Archives, hifadhi ya nyaraka ya taifa iliyopo Kew, London. Nyingine ziko majimboni. Kumbuka kwamba hadi 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza tarehe 25 Machi. Februari 1700 kwenye karatasi ni Februari 1701 kwa hesabu yetu. Ukilisahau hili, utamkuta mtu amezikwa kabla ya kuandika wosia.

Hatua ya 5: Magazeti

Majina yakishakaa sawa, magazeti yanayatia uhai: minada, mapigano ya majogoo, ratiba za magari ya farasi, waliofilisika. Maktaba nyingi za umma hukuruhusu kusoma British Newspaper Archive bila kulipa, na London Gazette, ambalo huchapisha matangazo ya kufilisika, liko wazi kwa wote.

Bear inaonyesha ugumu wa kazi ya kuendesha nyumba ya wageni. Mwaka 1773 ilichukuliwa na mpangaji aitwaye Thomas Lawrence. Nyumba ilikuwa kwenye njia ya matajiri waliokwenda kuoga maji ya chemchemi katika mji wa Bath, na mzee huyo aliwakaribisha wageni kwa kuwatolea mwanawe mdogo, awasomee mashairi au awachore sura. Mwaka 1779 mzee alifilisika, familia ikahamia Bath, na picha alizochora yule mtoto zikaanza kuwalisha wote. Ndiye Sir Thomas Lawrence, aliyekuja kuwa rais wa Royal Academy, chama cha wasanii cha London, mwaka 1820. Wengi husimulia habari za mtoto. Mimi humrudia baba: barabara yenye wateja, nyumba yenye sifa, na bado miaka sita tu ikammaliza.

Hatua ya 6: Mmiliki wa jengo

Hii ni fupi. Angalia uthamini wa ardhi uliofanywa chini ya sheria ya fedha ya 1910: madaftari yake yako Kew, yakitaja mmiliki, mpangaji, na mara nyingine idadi ya vyumba na hali ya mabanda. Mmiliki akiwa kiwanda cha bia, jambo la kawaida kwa wakati huo, omba kumbukumbu za kiwanda.

Ukimaliza, chapisha jedwali lako na ulipeleke pale pale baa, umkabidhi anayehudumu kaunta. Hakikisha mstari wa kwanza una jina la msimamizi wa sasa, limeandikwa sawasawa.